Mwanzi wa Himalaya Nyumbani: Panda kwa Kipimo, Vuna kwa Mpango

Haya ni maelezo ya afisa wa ugani kwa wakulima waliohudhuria kikao cha wadi. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanzi, na hasa huu ambao watu wanauita mwanzi wa Himalaya. Sababu mnaijua. Siku hizi ni vigumu kupita sokoni bila kukutana na mtu aliyebeba miche ya mianzi. Wengine wanauza miche tu, na hilo si kosa. Wengine wanauza ndoto pamoja na miche: ng'oa mahindi, panda mianzi shamba zima, na baada ya miaka mitatu utakuwa tajiri. Mwenye ekari 20 anaweza kujaribu, na akikosa atapata hasara ya ekari moja. Lakini mwenye nusu ekari akifanya hivyo, ameweka rehani chakula cha watoto wake.

Kwa hiyo nataka mtoke hapa mkijua mambo manne: mwanzi huu ni upi, unapandwa wapi katika boma, unatunzwaje, na unakufaa kwa kazi gani. Sitaki mtu aukatae kwa kuogopa, wala aupokee kwa tamaa.

Mwanzi huu ni upi?

Kwanza, mwanzi si mti. Ni nyasi, jamaa ya mahindi, miwa na nepia. Ndiyo maana ukitoka ardhini hautanuki tena. Chipukizi linatoka likiwa tayari na unene wake wote, kisha linarefuka. Katika muda wa miezi michache ya mvua bua linafikia urefu wake kamili. Baada ya hapo kazi inayobaki ni kukomaa na kuwa gumu, na hiyo inachukua miaka mitatu hadi minne. Shikeni jambo hilo, kwa sababu udanganyifu mwingi unaanzia hapo. Mtu anakuonyesha bua la miezi sita, refu kupita nyumba, anakwambia limeiva. Halijaiva. Ukilijengea, litakunjamana na kuliwa na wadudu.

Pili, milima ya Himalaya ina aina nyingi za mianzi. Kule juu penye baridi, mita 2,000 kwenda juu, kuna mianzi myembamba ambayo watu wa Nepal huiita nigalo. Wanaipasua na kusuka mikeka na vikapu. Kule chini, kwenye vilima vya joto la kadri vya Nepal, Bhutan na kaskazini mwa India, kuna mwanzi mkubwa ambao wataalamu wanauita Dendrocalamus hamiltonii. Mabua yake yanaweza kufika mita 20, yakawa na upana wa sentimita 10 hadi 18. Watu wa huko huupanda karibu na nyumba na kwenye kingo za matuta. Machipukizi wanakula, mabua wanajengea, na majani wanawapa mifugo wakati nyasi zimeisha.

Huo mkubwa ndio ulioletwa kwetu. Taasisi yetu ya utafiti wa misitu, KEFRI, yenye makao yake makuu Muguga, imekuwa ikiujaribu pamoja na mianzi mingine ya Asia tangu mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo si mmea wa jana, na si siri ya mfanyabiashara yeyote.

Tatu, tusisahau mwanzi wetu wenyewe. Msitu wa Mau, Aberdare, Mlima Kenya, Cherangani na Mlima Elgon yote ina mwanzi wa asili, ule ambao Wakikuyu huuita murangi na Wakipsigis huuita tegat. Huo ni mtoto wa baridi, unakaa juu ya mita 2,200 hivi. Kama shamba lako liko juu kabisa ambako baridi kali huunguza viazi, mwanzi wa asili utakufaa kuliko huu wa Himalaya. Kama uko chini zaidi, kwenye kahawa, migomba na mahindi, mkubwa wa Himalaya utastawi, mradi mvua iko.

Kuna tofauti nyingine kati ya hiyo miwili. Wa asili matunguu yake hutembea chini ya ardhi, na mabua hutokea yakiwa yametawanyika. Mkubwa wa Himalaya hukaa kwenye kichaka kimoja. Haukimbii kuingia kwa jirani, bali unapanuka polepole pale pale ulipo. Kwa boma dogo hiyo ni faida. Lakini kila anayeuza miche atakwambia mche wake ni wa kichaka. Muulize jina lake kamili, aliandike kwenye risiti. Asiyejua jina la anachouza, mwache aende zake.

Upande wapi?

Hapa ndipo ninapotaka tuwe makini, kwa sababu kesi nyingi za mianzi ni za mahali, wala si za mmea wenyewe. Mche ni mdogo kama mche wa nepia. Mtu anauchomeka karibu na dirisha kwa sababu unapendeza. Baada ya miaka sita kuna mabua 30 yenye urefu wa mita 15, yanainamia bati la jirani, majani yanajaza mfereji wa tangi la maji, na wazee wameitwa kuamua.

Kabla ya kununua mche, simama mahali unapotaka kuupanda na uangalie pande zote, kisha juu. Hesabu hatua saba kubwa hadi ukuta wa nyumba, choo, tangi, bomba la maji na mpaka wa jirani. Kama huwezi kupata hatua hizo saba, hapo si mahali pake. Ukitazama juu uone waya wa stima, usipande kabisa. Mwanzi mbichi una maji ndani, na ukigusa waya ni hatari kwa mtu na kwa mifugo.

Wenye ploti ya robo ekari au chini, nawashauri kichaka kimoja tu, au mtafute aina nyembamba na fupi. Wenye nusu ekari hadi ekari moja, vichaka viwili au vitatu kwenye upande wa chini wa shamba vinatosha kwa matumizi ya nyumbani. Kati ya kichaka na kichaka acha mita 5 au zaidi. Na kumbuka kwamba karibu na kichaka kikubwa mahindi hayatafanya vizuri. Mwanzi unakula rutuba, unakunywa maji na unatupa kivuli. Kipande hicho kimekwenda, kihesabu hivyo kabla.

Wenye mashamba yanayofika mtoni, nyinyi ndio mwanzi unawafaa zaidi. Sheria inatuzuia kulima ukingo wa mto, angalau mita 6 kutoka kwenye maji na hata mita 30 kwa mito mikubwa. Wengi wetu tumelima hadi kwenye maji yenyewe, na kila mvua kubwa inachukua mstari mmoja wa shamba. Matunguu na mizizi ya mwanzi hufuma udongo wa juu kama mkeka. Mto unapofurika, maji yanapunguziwa kasi na udongo unabaki. Lakini mwanzi hauumbi maji. Atakayekwambia chemchemi iliyokauka itarudi kwa sababu ya mwanzi, anakudanganya. Unachoweza kufanya ni kutia kivuli, kushika ukingo na kuacha majani yaoze kuwa mbolea.

Na wale wa miteremko mikali wasikilize vizuri. Tunakumbuka maporomoko ya West Pokot ya Novemba 2019, yaliyochukua makumi ya watu usiku mmoja. Baada ya mambo kama hayo, watu huuliza kama mwanzi unazuia maporomoko. Kule Nepal, ambako barabara zinapita kwenye milima mikali kuliko yetu, wahandisi huipanda mianzi mikubwa chini ya mteremko, kwenye kitako chake, na ndani ya makorongo madogo. Hawaipandi juu kwenye ukingo. Kichaka kikubwa ni mzigo mzito. Ukikiweka juu ya mteremko uliolowa, kinaweza kuvuta udongo badala ya kuushika. Tena mizizi ya mwanzi haiendi mbali chini. Inashika udongo wa juu, lakini mlima ukianza kukatika kutoka ndani, mwanzi hautauzuia. Ukiona ufa kwenye ardhi juu ya nyumba yako, usije ofisini kuomba miche. Ondoa familia na umwite Chifu.

Kupanda na kutunza

Mbegu za mwanzi huu hupatikana kwa nadra, kwa hiyo miche mingi hutokana na vipande. Njia ya kwanza ni kuchimba tunguu pamoja na kipande cha bua cha urefu wa mita moja hivi. Inashika haraka, lakini ni kazi nzito na inaumiza kichaka mama. Njia ya pili ni kukata bua la mwaka mmoja au miwili katika vipande vyenye mafundo mawili au matatu, na kuvilaza kwenye kitalu vikiwa vimefunikwa udongo kidogo na kumwagiliwa. Machipukizi na mizizi hutokea kwenye fundo. Mche ambao bado hauna mizizi ya kutosha, hata ukiwa na majani mazuri, usiuhamishe. Shikilia karatasi yake ya kitalu, uigeuze. Kama huoni mizizi, usitoe pesa.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, na kina chake 60. Weka udongo wa juu kando, changanya na debe moja la samadi iliyoiva, kisha urudishe. Panda mvua ya Machi au Aprili ikishaingia vizuri, au ile ya Oktoba. Weka matandazo, usiyagusishe na bua. Katika kiangazi cha kwanza na cha pili mwagilia ndoo moja mara mbili kwa wiki. Miche mingi inayokufa hufa hapo, kwa sababu mwenye shamba aliambiwa kwamba mwanzi hauhitaji kitu.

Zungushia ua. Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani yake, na fuko na nungu wanapenda machipukizi. Palilia kwa umbali wa mita moja. Majani yanayoanguka usiyachome. Yaache chini ya kichaka, ndiyo mbolea yake.

Miaka mitatu ya kwanza mabua yatakuwa membamba. Usikate tamaa, na usikate mabua. Kila mwaka yanayotoka yanakuwa makubwa kuliko ya mwaka uliopita. Kichaka huwa cha kuvunwa kuanzia mwaka wa tano hadi wa saba. Anayekuahidi mavuno ya mabua makubwa katika mwaka wa tatu, mwambie akuonyeshe kichaka chake mwenyewe.

Kuvuna

Kata mabua ya miaka mitatu kwenda juu tu. Utayajuaje? Kila msimu wa machipukizi, chukua rangi na uandike mwaka kwenye bua jipya. Ni kazi ya nusu saa na inakuondolea kubahatisha. Mabua ya mwaka mmoja yaache, kwa sababu ndiyo yanayolisha machipukizi yanayofuata. Kwa mwaka mmoja usizidishe theluthi moja ya kichaka.

Vuna wakati wa kiangazi. Wakati huo sukari na wanga ndani ya bua ni kidogo, na wale wadudu wanaotoboa na kuacha unga hawavutiwi sana. Kata juu kidogo tu ya fundo la kwanza au la pili kutoka ardhini. Ukikata katikati ya pingili, unaacha kikombe kitakachojaa maji ya mvua. Humo mbu watazaliana, na kisiki kitaoza. Anza na mabua ya katikati na ya nyuma, ili kichaka kipate hewa. Kichaka kisichosafishwa ndicho kinachoficha panya na nyoka. Nyoka hafuati mwanzi, anafuata panya na mahali penye giza.

Mabua ya kujengea yaloweke kwenye maji kwa wiki tatu hivi, kisha uyaanike kivulini yakiwa yamesimama. Na usiuchimbie mwanzi ardhini kama nguzo. Utaoza upesi. Uweke juu ya jiwe au saruji.

Wanaotaka kuni, pasueni kwanza. Pingili zima ndani ya moto lina hewa iliyofungwa, nalo hupasuka kwa kishindo na kurusha makaa. Watoto wanaoota moto jikoni wanaweza kuumia.

Kuhusu chakula, machipukizi ya mwanzi huu yanaliwa. Nepal wanayachachusha na kuyapika na viazi na maharagwe. Karibu nasi, kwenye miteremko ya Elgon upande wa Uganda, Wagisu hukausha machipukizi ya mwanzi wa asili kwa moshi na kuyapika na karanga, chakula wanachokiita malewa. Lakini chipukizi bichi lina sumu ya aina ile ile iliyo kwenye muhogo mchungu. Limenye, likate vipande vyembamba, lichemshe bila kufunika sufuria, mwaga maji, uchemshe tena kwa maji mapya hadi uchungu uishe. Usimpe mtoto alionje likiwa bichi. Na unapolishika, angalia vinyweleo vya gandani, vinawasha.

Swali la pesa

Sasa tuje kwa lile ambalo wengi mmelisubiri. Je, kuna soko?

Kuna matumizi mengi, na soko la kweli linaanza na matumizi. Angalia unanunua nini kila mwaka ambacho mwanzi ungekupa: miti ya kuegemeza migomba, vijiti vya nyanya na maharagwe, ngazi, banda la kuku, uzio, vikapu vya kuchumia chai, majani ya mbuzi wakati wa kiangazi. Piga hesabu ya pesa hizo. Hiyo ndiyo faida ya kwanza, na haimtegemei mnunuzi yeyote. Ya pili ni jirani mwenye greenhouse au mkulima wa nyanya anayehitaji vijiti vingi. Ya tatu ni fundi wa kusuka.

Kiwanda ni jambo la mwisho. Mwanzi ni mwepesi ukiwa umekauka, lakini ni mwingi kwa ukubwa, kwa hiyo usafiri unakula bei. Kama kiwanda kiko mbali na barabara yako ni mbaya, bei ya kwenye karatasi si bei ya shambani. Mtu akija na mkataba wa kununua mabua yako baada ya miaka sita, uliza maswali matatu. Ananunua kutoka kwa nani leo? Bei imeandikwa kwa bua, kwa kilo au kwa tani, na gari ni la nani? Je, asipokuja, ni nani anawajibika? Kama jibu la kila swali ni kwamba ununue miche kwanza, basi biashara yake ni miche, na mnunuzi anayetafutwa ni wewe. Vikundi vya akina mama, hasa nyinyi, msitoe akiba ya chama kabla ofisi ya kilimo haijauona mkataba huo. Ushauri wa afisa wa ugani hauuzwi.

Jambo la mwisho ni hili. Mwanzi huchanua maua mara moja baada ya miaka mingi, mara nyingi zaidi ya 30, na kichaka kikishachanua na kuzaa mbegu kwa kawaida hufa. Vipande vilivyokatwa kutoka kwa mama mmoja vina saa moja na mama yake. Kule Mizoram, kaskazini-mashariki mwa India, aina nyingine ya mwanzi huchanua kwa pamoja kila baada ya miaka 48 hivi. Ilitokea karibu na mwaka 1959 na tena mwaka 2006 na 2007. Panya waliongezeka kwa sababu ya mbegu, wakaingia mashambani, na mara ile ya 1959 njaa ilikuwa kubwa. Sisemi yatatokea hapa. Kule ni misitu mizima, hapa ni vichaka vya nyumbani. Lakini ndiyo sababu nasema msipande mmea mmoja kwenye shamba zima, na kikundi kikinunua miche, kichukue kutoka kwa mama tofauti. Uliza kitalu kilikata wapi.

Ndugu zangu, mvua haiko mbali. Anayetaka kupanda, wiki hii apime zile hatua saba, achimbe shimo na kulijaza samadi. Kisha aende kwenye kitalu cha KEFRI au cha huduma ya misitu, KFS, au aje ofisini kwetu tumwelekeze. Na miche ya mwanzi wa asili isichimbwe msituni bila kibali, hilo ni kosa kisheria.

Anza na kichaka kimoja. Kikikufaa, mwaka wa sita kitakupa miche yako mwenyewe, na hutahitaji kumsikiliza mtu yeyote sokoni.

 Sasa nipo tayari kwa maswali.